Tarehe Pembeni ya Kipengele cha Kumi na Tisa

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, hali yangu inaelezeka kwa maneno machache. Mimi ndiye ninayeandika kijitabu ambacho kampuni yetu humpa kila mfanyakazi anayekwenda nje kikazi. Mume wa dada yangu, ambaye pia ni mkuu wangu wa idara, alisafiri nacho kwenda kuuza mashine za kufunga vizibo vya chupa. Akakamatwa uwanja wa ndege kwa sababu ya vidonge vya mgongo. Kipengele cha kumi na tisa kilimwambia kwamba vidonge vile havihitaji kibali.

Dada akanipigia simu akaniita muuaji. Mkurugenzi akanipa tiketi.

"Nenda ukamtoe," alisema. "Wewe ndiye unayeijua nchi ile."

Nilikuwa sijawahi kuikanyaga. Yote niliyoyajua kuihusu niliyajua kwa simu.

Wiki iliyopita niliishia pale nilipofika mbele ya jengo la forodha, saa mbili kamili asubuhi ya Ijumaa, nikakuta mlango umefungwa kwa mnyororo.

Mkalimani wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi. Ni mtu wa kwetu, amehamia kule miaka ishirini na miwili iliyopita, na hakuna kilichomfurahisha tangu ahamie.

"Nani amekwambia wanafungua saa mbili?" aliuliza.

"Kipengele cha nne."

"Zamani walikuwa wanafungua saa mbili." Akapiga miayo. "Zamani hata mimi nilikuwa na nywele."

Nikatoa kalamu, nikasahihisha kipengele cha nne kwenye nakala yangu: saa tatu na nusu. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Shemeji yako yuko ndani, wewe unasahihisha kitabu?"

"Kama saa si sahihi, si sahihi."

"Mungu wangu," alisema. "Sasa naelewa kwa nini nduguzo hawakukusindikiza."

Mnyororo ulifunguliwa saa tatu na nusu.

Mpelelezi wa forodha alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Nilikuwa na barua ya mwaliko, nakala mbili, zote zina mhuri. Hakuziangalia. Alifungua droo, akatoa kijitabu changu chenye jalada la buluu, nakala ya shemeji, akakiweka mezani kikiwa wazi. Kipengele cha kumi na tisa kilikuwa kimezungushiwa wino mwekundu.

"Anauliza kama wewe ndiye mwandishi," mkalimani alisema.

"Ni mimi."

Mpelelezi akasema maneno mengi, taratibu, akigonga ukurasa kwa kidole.

"Anasema wamekitafsiri, na kimeandikwa vizuri sana. Anasema hilo linaongeza kosa."

"Kwa vipi?"

"Kitabu kibovu hakuna anayekiamini."

Mpelelezi hakutabasamu, wala mimi sikutabasamu. Akaendelea. Sheria ya dawa ilibadilishwa miezi kumi na minne iliyopita. Vidonge vya aina ile sasa ni dawa za kulevya, isipokuwa kama msafiri ana barua ya daktari iliyopitia ubalozini. Shemeji alikutwa na vidonge tisini. Ikifika saa sita mchana wa leo faili lake litapelekwa mahakamani. Likishafika huko halirudi. Kesi za namna hiyo husikilizwa baada ya miezi minne au mitano, na mshtakiwa huisubiri akiwa mahabusu.

"Kisha?" niliuliza.

"Kisha kifungo. Anasema kinaanzia miaka mitatu."

Mpelelezi akasogeza kidole hadi pembeni ya ukurasa.

"Anauliza hii tarehe ni ya nini."

Hapo nilikaa wima. Hilo ndilo jambo pekee la maisha yangu ambalo huwa nalieleza bila kuombwa mara mbili.

"Ni tarehe ya uhakiki," nilisema. "Kitabu kina vipengele thelathini na kimoja. Viza, mwaliko, sampuli za biashara, dawa, saa za ofisi, mavazi, namna ya kuomba miadi, yote. Kila mwaka naupigia simu ubalozi wenu, nasoma kipengele kimoja kimoja, nauliza kama bado ni kweli. Nikijibiwa ndiyo, naandika tarehe ya siku hiyo pembeni. Tarehe isipokuwepo, kipengele hakichapishwi."

Mkalimani alitafsiri. Mpelelezi akaacha kuandika. Alishusha miwani ya kichwani, akaivaa juu ya ile nyingine, akaisoma tena tarehe ile. Ilikuwa ya miezi minne iliyopita.

Kisha sauti yake ikabadilika. Haikuwa laini, ila ilikuwa ya mtu aliyepata kazi mpya.

"Anasema hivi," mkalimani alisema, na yeye pia alikuwa ameamka. "Kama afisa wa ubalozi wao alikwambia mwezi huo kwamba vidonge havihitaji kibali, wakati sheria ilikuwa imeshabadilika, basi shemeji yako alipotoshwa na serikali yao wenyewe. Mtu wa namna hiyo hashtakiwi. Anapandishwa ndege leo leo."

"Na huyo afisa?"

"Faili linakuwa lake. Kazi anapoteza siku hiyo hiyo, na mahakamani anakwenda yeye." Akanitazama. "Anachotaka kwako ni jina tu. Nani alikujibu?"

Chumba cha pili mashine ya kutengeneza nakala ilikuwa ikizunguka.

"Naomba kwanza nimwone shemeji," nilisema.

Kabla hamjanihukumu, nieleze ilivyokuwa. Sielezi ili nionewe huruma.

Mwaka huu nilipiga simu ubalozini siku ya Jumatano. Karani aliyezoea kunijibu alinipitisha kwenye vipengele thelathini. Kile cha dawa akasema jalada lake limechukuliwa na mwenzake, nipige kesho. Mpiga chapa naye alikuwa anasubiri kazi jioni ile ile. Kipengele hicho kilikuwa hakijabadilika hata neno tangu nianze kazi hii, miaka kumi na mmoja. Nikaandika pembeni tarehe ya Alhamisi, nikiwa bado niko Jumatano. Nilijiambia kesho nitapiga, na tarehe itakuwa kweli.

Alhamisi nilikuwa hospitali. Mama alikuwa anafanyiwa upasuaji wa jicho. Ijumaa nikarudi kazini nikakuta vijitabu mia mbili juu ya meza yangu, bado vinanuka wino. Nikaona aibu kuuliza jambo ambalo nimeshalichapisha.

Basi. Simu haikupigwa, na hakuna mtu aliyenijibu.

Shemeji alikuwa amesimama wakati tunaingia, ameegemea ukuta kwa kiganja. Mgongo wake haumruhusu kukaa kwenye benchi la saruji, na vidonge ni ushahidi. Ndevu zilikuwa zimemtoka. Askari alituonyesha vidole kumi: dakika kumi.

"Karibu, Bibi Kipengele," shemeji alisema. "Umekuja na toleo jipya?"

"Nimekuja kukutoa."

"Ulivyoniingiza ulifanya vizuri sana. Na kunitoa nako utafanya vizuri."

Nilimweleza alichosema mpelelezi, kuanzia sheria mpaka saa sita. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza akacheka, kicheko kifupi kilichomuumiza mgongo.

"Jina," alisema. "Na wewe huna jina la kutoa."

Nilitazama saa yangu.

"Alhamisi ile ulikuwa hospitali na mama mkwe. Ruhusa yako niliisaini mimi kwa mkono huu. Ulikuwa umezima simu kutwa nzima, dada yako alikutafuta mpaka akalia. Halafu naletewa kitabu, naona Alhamisi imekaa pembeni ya kipengele cha kumi na tisa, imenyooka kama askari."

"Ulijua?"

"Nilijua siku ile ile. Nikaitunza. Nilisema nikirudi safari hii nitakufukuza kazi kwa tarehe hiyo, mbele ya mkurugenzi, na hakuna atakayekutetea. Nilikuwa nimeshaipanga hotuba kichwani, ina hata utani wake."

"Kama ulijua, kwa nini ulibeba vidonge?"

"Nilijua tarehe ni ya uongo." Alifumbua macho. "Sikujua kama na habari ni ya uongo."

"Ungepiga simu mwenyewe."

"Ningepiga kwa nini? Miaka kumi na mmoja hujawahi kukosea, shetani we! Ukisema mvua saa tisa, watu wanaanua nguo saa nane. Unafikiri nakuchukia kwa nini?"

Askari aligonga ukuta kwa rungu. Akamuuliza mkalimani jambo.

"Anauliza mnagombania nini," mkalimani alitueleza. Kisha akamjibu askari kwa neno moja, na askari akatikisa kichwa kama mtu mwenye ndoa.

"Umemwambia nini?" niliuliza.

"Familia."

Shemeji alisogea karibu na wavu uliotutenganisha. Alishusha sauti, ingawa hakuna aliyeielewa isipokuwa sisi watatu.

"Sikiliza. Taja mtu."

"Hakuna mtu."

"Taja yeyote. Si kuna karani anayekujibu kila mwaka? Mtaje huyo."

"Huyo hakusema kitu. Aliniambia nipige kesho."

"Nani anajua?"

"Mimi najua."

"Wewe!" Alicheka tena. "Wewe uliyeandika kesho ikiwa bado ni leo? Leo ndiyo umekuwa mkweli?"

"Atafukuzwa kazi. Atashtakiwa yeye."

"Na mimi je?"

"Wewe ulibeba vidonge."

"Nilibeba kitabu chako!"

Alipiga wavu kwa kiganja, akajikunja kwa maumivu, akabaki ameinama. Aliposema tena, alisemea sakafu.

"Nina watoto watatu. Ni watoto wa dada yako, wanakuita mama mdogo. Huyo karani umewahi kumwona?"

"Sijawahi."

"Basi ni sauti tu. Mtu wa simu hana hata sura. Unataka dada yako akae miaka mitatu bila mume kwa ajili ya sauti?"

Dakika kumi zilikwisha. Nilipogeuka aliniita. Nilidhani ataomba.

"Usiponitoa," alisema, "dada yako nitamwambia kuhusu Alhamisi. Mama mkwe nitamwambia pia. Atajua kwamba jicho lake ndilo lililonifunga."

Huyo ndiye niliyetumwa kumwokoa.

Kwenye korido nilimsimamisha mkalimani.

"Umesikia yote."

"Nina masikio mawili."

"Utamwambia mpelelezi?"

"Nikiulizwa nitasema." Alitengeneza kola yake. "Sijaulizwa. Ila nikuulize mimi. Ukisema kweli, unapata nini?"

"Kweli haina faida. Ni kweli tu."

"Na shemeji yako anapata miaka mitatu. Haya, twende."

Saa ya ukutani ofisini ilikuwa saa tano na dakika arobaini. Faili la shemeji lilikuwa limeshafungwa kwa kamba, liko kwenye trei ya vitu vinavyotoka. Tarishi alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake.

Mpelelezi alichukua karatasi safi. Akaniangalia.

Nilikuwa nimeshaamua nitasema kweli. Naliandika hili kwa sababu ni sehemu ya habari, wala halinisafishi. Niliingia mlango ule nikiwa na sentensi kamili mdomoni: hakuna aliyenijibu, tarehe niliitunga mwenyewe.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa dada. Haukuwa na matusi safari hii. Ulikuwa na maneno manne: "Watoto wanauliza atarudi lini."

Nikataja jina.

Nilitaja jina kamili la yule karani, lake na la ukoo wake. Sikutetemeka. Mpelelezi alipoanza kuliandika nilimsomea herufi moja moja ili lisikosewe. Nilieleza kwamba nilipiga Alhamisi, kwamba nilisoma kipengele chote kwa sauti, kwamba nilijibiwa ndiyo. Mkalimani alitafsiri sentensi baada ya sentensi, uso wake hauna kitu, kama mtu anayesoma bei za viatu.

Mpelelezi alilitazama jina lile kwa muda. Akainua simu ya mezani, akabonyeza tarakimu tatu tu.

Tarakimu tatu ni simu ya ndani ya jengo.

"Anasema una bahati," mkalimani alisema, taratibu mno. "Karani huyo amerudishwa nyumbani mwezi uliopita. Anafanya kazi humu humu, ghorofa ya chini, dirisha la wasafiri wa kibiashara. Anapanda sasa hivi."

Nilikokotoa haraka. Atakana, kwa sababu hakusema. Atathibitisha kwamba sikupiga. Shemeji atakwenda mahakamani, mimi nitabaki na kesi ya kumsingizia mtumishi wa serikali. Ajabu ni kwamba moyo ulitulia. Uongo ungedumu dakika tano, na kweli ingesemwa na mtu mwingine. Nisingehitaji kufungua mdomo.

Mlango ukafunguliwa.

Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, amevaa sweta lililopauka viwiko, kalamu mbili kwenye mfuko. Kwa miaka minane aliyokuwa akinijibu kwa simu nilikuwa nimempa kimo kirefu, sijui kwa nini. Alinitazama, akatazama kijitabu cha buluu mezani, na uso wote ukafunguka.

"Ni wewe!" alisema kwa Kiswahili, kile Kiswahili chake cha darasani, kila neno limepigwa pasi. "Vipengele Thelathini na Kimoja! Hujambo, dada yangu? Mama anaendeleaje na jicho?"

Nilikuwa nimesahau kwamba nilimwambia.

"Anaona," nilisema.

Alinishika mikono yote miwili. Akamgeukia mpelelezi, akamsimulia kitu huku ananionyesha. Mkalimani alinong'ona: "Anamwambia kwamba wewe ndiye mtu pekee wa kwenu aliyekuwa anamwuliza maswali ya maana."

Mpelelezi hakucheka. Alimwelekeza kiti. Akamsomea maelezo yangu.

Niliona furaha inamtoka usoni kidogo kidogo. Aliviachia viganja vyangu. Alikivuta kijitabu, akasoma kipengele cha kumi na tisa midomo ikichezacheza, akaitazama ile tarehe.

"Jumatano nilikuambia jalada la dawa halipo, unipigie kesho," alisema.

"Ndiyo."

Ilikuwa kweli, ya kwanza niliyoitamka kuhusu simu zile tangu nirudi katika chumba kile.

"Na wewe ukapiga Alhamisi."

Hakuwa anauliza. Alilisema kama mtu anayesoma saa ya ukutani. Nikasubiri aongeze neno, akumbuke, akane. Alikunja paji la uso, akatafuta kichwani, sikumbuki nimewahi kumwona mtu akitafuta kwa bidii namna ile.

"Sikumbuki simu hiyo," alisema mwisho. "Alhamisi ile tulikuwa na ujumbe wa wafanyabiashara arobaini, simu zilikuwa zinalia pande zote. Lakini wewe hukosei. Miaka minane nimekusikiliza, hata nukta hukosei. Kama umeandika Alhamisi, ni Alhamisi."

Alimgeukia mpelelezi, akazungumza kwa lugha yao, akiwa amekaa wima, mikono magotini. Alizungumza muda mrefu. Mkalimani hakutafsiri.

"Anasema nini?" niliuliza.

Alikohoa. Kwa mara ya kwanza sikuona kebehi usoni mwake.

"Anasema ni yeye. Anasema jalada lazima lilikuwa halijarudishwa, naye kwa kuzidiwa akajibu kutoka kichwani. Anasema hajawahi kufanya hivyo, na hana cha kujitetea."

Mpelelezi aliinuka, akalichukua faili la shemeji kutoka kwenye trei, akakata kamba kwa mkasi. Alimwambia tarishi neno moja, na tarishi akaondoka mikono mitupu. Akamtuma askari chini kwenye mahabusu. Kisha akasogeza karatasi ya maelezo mbele ya karani, ukurasa mmoja tu, mistari mitupu.

Saa sita kasoro dakika nne. Kutoka mwisho wa korido nilisikia mlango wa chuma ukifunguliwa, kisha sauti ya shemeji akiuliza kama ameachiwa.

Mkalimani alikuwa amenikazia macho. Karani alichagua kalamu moja kati ya zile mbili, akaijaribu kwenye kiganja kama inaandika. Akaandika jina lake juu ya ukurasa, kwa herufi nzuri. Halafu akasita.

"Dada, nisaidie kitu kimoja," alisema, kalamu ikiwa juu ya mstari. "Ulinipigia asubuhi au mchana? Sitaki niandike uongo."